Mlango wa Shangazi, Ghorofa ya Tatu

Jumatatu, 2 Machi

Dai langu ni hili, nami naliweka mwanzoni kabisa ili asije mtu akasema baadaye kwamba nililifikia kwa uchovu: milango yote ya zamani ya jengo letu haina budi kuondolewa, na wa shangazi yangu usiachwe. Sisemi hivyo kwa kuwa siipendi. Nimekulia nyuma ya mmoja wao. Naujua mlio wa bawaba zake kama nilivyokijua kikohozi cha marehemu baba. Lakini mapenzi si hoja. Mbao nyembamba iliyokauka tangu kabla baba hajaoa haizuii moto. Huukaribisha na kuupa kiti.

Mkaguzi wa zimamoto alipita mwaka jana, akagonga mlango mmoja kwa kifundo cha kidole, akatikisa kichwa. Matokeo yake ni kwamba milango mizito imeletwa, imepangwa stoo chini ya ngazi ikiwa bado imevikwa nailoni, na mjomba wangu, kaka yake mama, ndiye fundi aliyepewa kazi ya kuipachika. Mimi nina shahada ya historia ya majengo, na barua za maombi ya kazi ambazo hazijajibiwa. Mjomba akaniambia, "Mpwa, historia haina pa kukimbilia. Njoo unishikie mlango huku ukiisubiri."

Nimekuja na vitabu viwili mkobani, pamoja na kile kijitabu cha maelekezo ya mtengenezaji, ambacho hadi leo mchana Mjomba alikuwa akiwekea kikombe cha chai.

Jumatano, 4 Machi

Mvua ya kwanza. Jengo zima limenuka vumbi lililolowa, harufu ileile ya siku za kufungua shule.

Alhamisi, 5 Machi

Ni lazima nieleze desturi ya jengo hili, kwa kuwa bila hiyo hakuna litakaloeleweka. Kwetu mlango haufungwi mchana. Asubuhi kila nyumba hufungua mlango wake na kuuzuia kwa kitu kizito, na hivyo hukaa hadi giza liingie. Apitaye ngazini husalimia kila chumba bila kusimama. Mlango uliofungwa mchana una maana mbili tu, msiba au ugomvi, na yote mawili huleta watu.

Kila nyumba ina kitu chake cha kuzuilia. Mshonaji wa ghorofa ya pili ana pasi ya mkaa aliyorithi kwa baba yake, isiyotumika kunyoosha nguo tena. Shangazi ana jiwe la mtoni, laini kama yai, ambalo baba yangu alilibeba begani walipohamia hapa. Nikiwa mdogo nililikalia nikisubiri chakula. Nadhani umbo la makalio yangu bado liko pale.

Mwenyekiti wa kamati ya wapangaji, anayekaa ghorofa ya kwanza, ndiye pekee asiye na jiwe. Mlango wake umefungwa daima, mchana na usiku. Nimeamini tangu utotoni kwamba ni kiburi, na sioni sababu ya kubadili maoni.

Milango mipya ina mkono wa chuma juu yake. Ukiuachia, unajifunga wenyewe. Ndiyo kazi yake: moto hauna adabu ya kusubiri mtu akumbuke kufunga.

Jumatatu, 9 Machi

Tumeanza na milango inayotenga ngazi na korido, na kwenye ule wa ghorofa ya kwanza tumegombana na Mjomba mpaka watu wakatoka kusikiliza.

Fremu za jengo hili zimepinda. Kuta zimekaa kitako jinsi wazee wanavyokaa, kila mmoja kwa upande wake, na fremu zimefuata kuta. Milango ya zamani ilirandwa ili ifuate fremu. Ndiyo maana hakuna hata mmoja wenye pembe sawa. Mjomba, ambaye mkono wake ni mwepesi na macho yake ni timazi, alitaka kufanya vivyo hivyo. Alikwisha kushika randa.

"Usiurande," nikamwambia. "Huu si mlango wa kawaida. Pembezoni mwake kuna ukanda unaovimba ukipata joto, unaziba nafasi yote. Ukiuranda umeutoa meno."

"Mpwa, nimepachika milango kabla hujajua kuufungua."

"Na yote ingeungua."

Akaniangalia. Akawatazama waliokuwa kwenye ngazi. "Mnamsikia? Dada yangu alinizalia hakimu." Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Sasa tutafanyaje, Bwana Digrii? Tuunyooshe ukuta?"

"Tunyooshe fremu."

Tulibomoa lipu, tukaing'oa fremu nzima, tukaisimamisha upya kwa pimamaji. Ni kazi mara mbili. Mjomba aliimba muda wote, nyimbo za watu waliotendewa vibaya na ndugu zao. Mlango ulipokaa, ulijifunga kwa mlio mdogo, kama mtu anayemeza mate.  Mjomba alikichukua kijitabu, akakifuta alama ya kikombe kwa kiwiko, akakitia mfuko wa shati.

Alhamisi, 12 Machi

Mvua kutwa. Mbao hazipendi unyevu, hatukufanya kazi. Nimesoma.

Jumatatu, 16 Machi

Leo tumepachika mlango wa Mshonaji, wa kwanza katika nyumba za watu, na msiba ukazuka pasipo marehemu.

Tulimaliza kabla ya saa sita, tukaenda kula. Mlango ukajifunga kama ulivyofundishwa. Mama mmoja wa ghorofa ya nne akashuka, akaukuta umefungwa mchana kweupe, akapanda tena kubadili nguo. Tuliporudi korido ilikuwa imejaa. Walikuwa wamekuja na sura za pole, na mmoja alikuwa amebeba sufuria ya uji. Mshonaji alifungua akiwa na pini mdomoni.

"Pole sana, jirani," mama yule akasema. "Ni nani?"

"Nani nani?"

"Aliyetutoka."

Mshonaji akatoa pini moja baada ya nyingine. "Hajatoka mtu. Mimi nashona."

"Basi mmegombana na mkeo?"

"Mke wangu ndiye huyo hapo nyuma yako, na uji ameshika yeye."

Kweli, mkewe alikuwa sokoni, akarudi, akaona umati, akadhani mumewe amekufa, akapokea sufuria kwa mikono miwili huku machozi yakimlenga. Jengo zima lilicheka hadi lipu mbichi ikaanguka. Mjomba alikaa chini kwenye ngazi akashika mbavu. Nami nilicheka. Ila usiku, nikiwa nimelala, nilikumbuka kwamba walikuwa wamefika upesi mno. Kabla wali wetu haujapoa walikuwa wamekwisha kubadili nguo na kupika uji.

Ijumaa, 20 Machi

Shangazi amekataa.

Alinilea yeye baada ya mama kufariki; baba alikuwa mtu wa safari. Huniita "baba", kama shangazi wanavyowaita watoto wa kaka zao, na akisema neno hilo polepole najua nimeshindwa kabla sijaanza.

"Baba, milango ya wengine wekeni. Huu wangu uacheni."

"Shangazi, moto hauchagui."

"Na kuanguka je?"

Nilijua anachosema. Msimu uliopita alianguka jikoni, akashindwa kuinuka. Mshonaji alikuwa akipanda kuleta nguo ghorofa ya nne. Akapitisha macho mlangoni, akaona unyayo sakafuni mahali pasipo pa unyayo. Ndicho kilichomwokoa: mlango wazi na jirani mwenye macho. Tangu siku hiyo mwanawe, binamu yangu anayefanya kazi mbali, anapiga simu akitaka kumchukua akaishi naye. Shangazi hujibu kila mara kwa maneno yaleyale: Mimi hapa siishi peke yangu.

"Mlango ukifungwa," akasema, "nitakuwa ninaishi peke yangu. Naye mwanangu atakuwa amesema kweli. Nitamjibu nini?"

Mjomba, aliyekuwa amesimama na bisibisi, akajaribu mzaha. "Shemeji, nitakukatia dirisha mlangoni, tukuone kama keshia wa benki."

"Wewe shemeji tangu siku ya harusi hujawahi kunikatia kitu kikakaa sawa."

Wakacheka. Mimi sikucheka.

Jumatano, 25 Machi

Mvua. Mlango wa ngazi wa ghorofa ya pili umekaa vizuri.

Jumamosi, 28 Machi

Nimelipata jawabu, na nimelipata mahali ambapo watu wa aina ya Mwenyekiti hawatazami: ukurasa wa mwisho wa kijitabu. Kuna sumaku inayopachikwa ukutani, nyuma ya mlango. Inaushika mlango ukae wazi kutwa nzima. King'ora kikilia, umeme wa sumaku unakatika, mlango unaachiliwa, unajifunga. Umeme wa jengo ukikatika, hali kadhalika. Hakuna jiwe, hakuna hatari. Nilimpigia mkaguzi wa zimamoto mwenyewe. Akasema inaruhusiwa, ilimradi iunganishwe na king'ora kilichopo na kamati iombe.

Nikashuka ghorofa ya kwanza. Mwenyekiti alinipokea mlangoni, mlango ukiwa umefunguliwa kiasi cha upana wa uso wake. Ni karani mstaafu. Huongea kana kwamba kuna mtu pembeni anaandika.

"Kijana, hii si hoteli."

"Mzee wangu, wala si jela."

"Milango imekuja ili ijifunge. Wewe unataka kuileta isijifunge. Huoni kwamba unajipinga?"

Ni hoja nzuri, nakiri, kwa mtu asiyesoma hadi mwisho. Nilimweleza kwamba mlango unaokwenda kinyume cha maisha ya watu watauzuia kwa mawe, na mlango uliozuiwa kwa jiwe ni ukuta wenye tundu. Afadhali ushikwe na kitu kinachojua kuachia.

"Kamati italitazama," akasema, na uso ukatoweka.

Alhamisi, 2 Aprili

Leo nimeung'oa mlango wa shangazi kwa mikono yangu.

Alikubali jana jioni, kwa sharti moja. Nilimwahidi kwamba kabla masika hayajaisha atakuwa na mlango anaoweza kuuacha wazi bila kuogopa. Akauliza, "Unaniahidi wewe, au inaniahidi digrii?" Nikasema mimi. Akasema, "Haya, baba."

Skrubu za bawaba zilikuwa zimepakwa rangi juu ya rangi. Kila tabaka lililobanduka lilikuwa na enzi yake: kijani cha nilipoanza shule, bluu ya mwaka aliofariki mama, na chini kabisa hudhurungi nisiyoijua, rangi ya baba akiwa kijana. Kando ya kitasa mbao ilikuwa imelika, imekuwa laini, mahali ambapo mikono yetu ilisukuma. Mwanzo alama ile iko chini, kimo cha mtoto, kisha inapanda. Chini kabisa kuna mikwaruzo ya gari langu la waya, nilikuwa nikiligonga hapo kwa makusudi ili Shangazi aseme, "Nani huyo mwenye gari?" nami niseme, "Dereva," naye aseme, "Dereva alipe kodi," nami nimpe mfuniko wa chupa.

Baba hakuwa na funguo. Hakuwahi kuzihitaji. Akirudi safarini usiku aligonga mara mbili kwa kiganja, akanyamaza, kisha mara moja kwa ukucha. Pigo lile la ukucha lilikuwa la kunisalimia mimi. Mbao ile nyembamba ilijua kulileta hadi kitandani. Leo, kabla hatujautoa, nilisubiri Mjomba ashuke kuleta patasi, nikagonga hivyohivyo. Mlango mwembamba unalia kama ngoma. Shangazi akaitika kutoka jikoni, bila kufikiri, "Pita, kaka."

 Kisha sufuria ikawekwa chini.

Sikupita. Nilishika bisibisi nikaendelea, na nashukuru kwamba skrubu zilikuwa ngumu.

Mlango mpya umekaa. Nimeugonga. Hausemi kitu.

Jumatatu, 6 Aprili

Hawezi kuufungua. Mabega yake hayana nguvu ya kuusukuma ule uzito. Mjomba alilegeza mkono wa chuma. Mlango ukawa mwepesi, lakini haukufika kwenye fremu, ukabaki umeachama. Tukaukaza kidogo. Tukalegeza. Jioni tulifikia mahali ambapo unajifunga kikamilifu na Shangazi anaufungua kwa mikono miwili na bega. Mjomba aliuliza kama anaweza. Shangazi akasema anaweza. Kisha akauliza kamati imesemaje, akinitazama mimi. Kamati inalitazama.

Alhamisi, 9 Aprili

Mawe yamerudi. Milango ya ngazi, milango ya nyumba, kila mahali. Nimeyakusanya yote nikayashusha stoo.

Ijumaa, 10 Aprili

Mawe.

Jumamosi, 11 Aprili

Mawe tena, na pasi ya Mshonaji. Nilimhutubia ngazini kwa urefu, nikianzia historia ya moto katika miji ya kale. Alinisikiliza mpaka mwisho, sindano mkononi. "Maneno yako yana akili sana, mdogo wangu," akasema. "Lakini wateja wakikuta pamefungwa wanadhani nimefiwa."

Jumatatu, 13 Aprili

Jiwe la mtoni limewekwa kwenye mlango wa ngazi wa ghorofa ya tatu. Mlango wa nyumba yake jiwe halikuuweza. Ulilisukuma likateleza sakafuni. Basi amelipeleka pale, ili walau asikie miguu ya watu. Nililiinua nikashuka nalo. Nilipopanda jioni nilimkuta amelirudisha. Sijui alilibebaje. Nimeliacha hadi nijibiwe na kamati.

Ijumaa, 17 Aprili

Naandika nikiwa na moshi puani.

Umeme ulikatika asubuhi kwa mvua. Mshonaji alikuwa akipiga pasi ya umeme. Ikapoa mkononi, akaiweka juu ya kitambaa alichokuwa akikinyoosha, akaenda kunywa chai. Umeme uliporudi mchana yeye hakuwa ndani. Pasi ilikumbuka kazi yake. Kitambaa kikashika, kikashikisha robota la vitambaa. Na mlango wake, ule wa uji na pole, ulikuwa wazi, umezuiwa na pasi ya mkaa ya baba yake. Pasi moja iliwasha, ya pili ikashikilia mlango.

Mlango wa ngazi wa ghorofa ya pili nao ulikuwa na tofali. Moshi ukatoka, ukapanda. Ghorofa ya tatu ukakuta jiwe la mtoni.

Mimi na Mjomba tulikuwa dukani kutafuta bawaba. Tuliporudi watu walikuwa uani katika mvua, king'ora kinalia, na moshi mweusi unatoka dirisha la pili. Wazima moto walikuwa wanateremsha mipira. Nikapitisha macho kwenye nyuso, mara moja, mara ya pili.

"Shangazi yuko wapi?"

Mama wa ghorofa ya nne akajibu. "Si alikwenda kwa mwanawe? Mlango wake umefungwa siku zote hizi."

Walikuwa wamepita mbele ya mlango wake wote, kutoka juu, wakikohoa, wakiwa wamebeba watoto. Hawakuwa wakatili. Macho yao yalifundishwa miaka yote kusoma milango, na milango sasa haisemi. Nilikimbilia ngazi. Mjomba alinikamata ukosi wa shati, shati likachanika, akanikamata mwili.

"Niache, Mjomba!"

"Sikuachi. Nina mpwa mmoja."

"Yuko ndani!"

"Na nyuma ya mlango wetu. Tulinyoosha fremu yake. Umesahau? Tuliinyoosha!" Alikuwa analia. Sikuwahi kumwona akilia. Ndipo nikajua kwamba siku zote zile za nyimbo alikuwa akinisikiliza.

Wazima moto walimshusha akiwa amefunikwa blanketi, akitembea kwa miguu yake. Mmoja wao alituambia korido ilikuwa nyeusi hata hawakuona taa zao, lakini chumbani kwake pazia lilikuwa jeupe. Moshi ulipoanza kupenya chini ya mlango hakuthubutu kuufungua, akakunja taulo lenye maji akaliweka hapo, akakaa kitandani.

Nilimkumbatia. Alikuwa mwepesi sana. Akanisemesha sikioni, bila lawama, kama mtu anayesimulia ndoto:

"Nimebisha mlango wangu mwenyewe, baba. Kwa ndani. Mpaka mkono ukachoka. Nikawasikia wakipita. Hakuna aliyeniitikia."

Jumatatu, 20 Aprili

Hakufa mtu. Ukuta wa Mshonaji ni mweusi na vitambaa vya watu vimekwisha. Kila mmoja amepata fundisho alilolitaka. Mwenyekiti amebandika tangazo: milango imefanya kazi, mawe ni marufuku. Anasema kweli, na ndilo linaloniudhi. Mlango ulimwokoa shangazi yangu na moshi, na mlango uleule ukamficha kwa watu. Tangazo linataja nusu.

Binamu amepiga simu. Atakuja Jumapili ya tarehe 3 Mei na gari.

Shangazi hakubisha. Alikwenda polepole hadi mlango wa ngazi, akalichukua jiwe alipokuwa ameliacha, akanikabidhi. "Chukua. Sitaki kuua watoto wa watu."

Jumatano, 22 Aprili

Jengo liko kimya. Milango yote imefungwa. Watu wanapanda na kushuka kama wageni katika ofisi.

Alhamisi, 23 Aprili

Nilimtukana Mwenyekiti mbele ya Shangazi, kwa ufasaha. Nilisema mtu anayejifungia kila siku hawezi kujua hasara ya wengine kufungiwa.

"Nyamaza," akasema. Hajaniambia hivyo tangu nilipokuwa mtoto. "Mlango wake ulikuwa wazi kuliko yetu yote. Mkewe alikuwa akiuzuia kwa kigoda chake. Siku mkewe alipofariki ulifungwa, tukaja, tukakaa naye, matanga yakaisha, tukarudi kwetu. Hakuna aliyekwenda kumwambia sasa unaweza kuufungua. Kila mmoja alidhani mwingine amemwambia."

Nilikuwa na hoja tatu. Nikazisahau zote.

Asubuhi na jioni Mshonaji anapanda, anabisha, anasubiri sauti yake, anashuka.  Ana nguo za watu za kulipa na bado anapanda.

Jumamosi, 25 Aprili

Mvua imepungua. Mjomba ameufanya mlango wa zamani wa Shangazi kuwa meza. Aliukata chini, akaacha upande wenye alama za mikono na mikwaruzo ya gari, akauwekea miguu. "Na imekaa sawa, shemeji," akasema. Shangazi akaweka yai juu yake. Yai likabiringika taratibu hadi ukingoni. Akalidaka. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu moto. "Fremu unanyoosha, meza huwezi!"

Alitaka iwekwe koridoni, tukae hapo kama zamani. Nilikataa, njia ya kutokea lazima iwe tupu. Mjomba akaguna, "Hakimu." Tumeiweka ndani, inatazamana na mlango. Ukiwa umefungwa, unatazama mbao. Ukiwa wazi, unaona ngazi yote, na kila apitaye anakuona.

Jumapili, 26 Aprili

Naandika juu ya meza hiyo. Mkono wangu uko mahali ulipokuwa mkono wa baba.

Naweka hapa nakala ya barua nitakayobandika kesho ubaoni, chini ya tangazo la kamati.

"Kwa Mwenyekiti, na kwa majirani wote.

Nilidai mwanzoni mwa masika kwamba milango ya zamani iondoke. Iliondoka, na ningeiondoa tena. Asiyeamini akaangalie pazia la shangazi yangu. Lakini jengo hili lilikuwa na king'ora kabla ya king'ora: macho ya watu wake. Tumekizima hicho, na hakuna aliyeulizwa. Sumaku inarudisha macho bila kurudisha moshi. Mkaguzi ameikubali. Mjomba wangu atazipachika, na Mshonaji amejitolea kubeba ngazi. Kilichobaki ni neno moja la kamati, nalo limetazamwa muda wote tuliopachika milango ya jengo zima.

Jumapili ijayo gari litakuja kumchukua mwanamke aliyewabebea wengi wenu uji mlipofiwa. Anaondoka kwa sababu hawezi kuonekana.

Kwa hiyo sitaki barua, Mzee wangu, wala mnong'ono wa mlangoni. Nataka jibu la hadharani. Jumamosi jioni, majirani wote wakiwepo, nitakuja kwako kwanza. Nitabisha, na nitasema neno ambalo tulipaswa kukuambia zamani, kwamba matanga yalikwisha na unaruhusiwa kufungua. Kisha tupande pamoja hadi ghorofa ya tatu. Simama mbele ya mlango wa shangazi ukiwa umefungwa, bisha hodi, na useme kwa sauti itakayopenya mbao hiyo nene, ili anayekaa nyuma yake asikie bila kuinuka: sumaku, ndiyo au hapana? Na kama ni hapana, usishuke kabla hujamwambia ni nani atakayemwitikia akibisha kwa ndani."